Ukienda Lupaso kwa Mzee Mkapa: mwongozo wa safari

Lupaso ni kijiji cha Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara. Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alizaliwa huko tarehe 12 Novemba 1938 na akazikwa hukohuko tarehe 29 Julai 2020. Si kila kiongozi wetu alirudi kulala pale alipozaliwa. Mzee Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, na kaburi lake liko Mangapwani, Unguja. Kwa Mkapa safari ni moja tu.

Ila ujue unakwenda wapi. Waliofika Butiama wamezoea makumbusho ya Mwalimu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na mtu wa kukupokea na kukuelezea vitu kimoja kimoja. Lupaso iendee kwa akili nyingine. Unaingia kijijini kwa watu, wenye mikorosho yao, ofisi yao, kanisa lao, na familia iliyozika mtu wake. Ukipanga safari kana kwamba kuna dirisha la tiketi, utafika, utapiga picha mbili, utageuza gari, na nauli yako itakuwa imekwenda bure.

Wengine huuliza, "Nyumba yenyewe alimozaliwa ipo?" Mimi huwa nawaambia wasiifanye hiyo ndiyo shabaha ya safari. Nyumba za fito, udongo na nyasi za miaka ya 1930 hazikujengwa zikae miaka tisini. Kinachotunzwa vijijini kwetu ni kaburi, kiwanja cha ukoo, na maneno ya wazee. Fuata hayo.

1. Chagua mwezi

Kusini mvua ni za msimu mmoja. Zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, mwaka mwingine zinasogea hadi Mei. Barabara za udongo za vijijini wakati huo hazina heshima kwa mtu, na gari dogo linaweza kulala njiani. Hata lami siku hizi si ya kuaminiwa moja kwa moja: Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama. Ukilazimika kuja masika, piga simu kwanza kwa mtu aliyeko Masasi, usitegemee ramani ya simu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Vumbi lipo, lakini njia ni kavu, asubuhi kuna kaubaridi, na mikorosho inachanua. Utakutana na watu wakipuliza dawa ya salfa mashambani, mwili mzima umegeuka njano. Funga kioo cha gari upite taratibu, ule unga ukiingia machoni unawasha siku nzima.

Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Kwa upande mmoja ni wakati mtamu kuliko yote, kwa sababu kusini pesa ipo, harusi na ngoma kila Jumamosi. Kwa upande mwingine gesti za Masasi zinajaa wanunuzi, maofisa wa ushirika na madereva wa malori, na wazee unaotaka kuzungumza nao wako porini wakiokota korosho tangu alfajiri. Ukija msimu huo, panga mazungumzo yako jioni na weka nafasi ya chumba mapema.

Wapo wanaopenda kuja karibu na tarehe 24 Julai, siku aliyofariki. Fahamu tu kwamba siku za namna hiyo, kukiwa na ibada au wageni wa serikali, utakuwa mmoja katika umati.

2. Toa taarifa kabla hujaondoka nyumbani

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua safari yako itakuwa ya namna gani. Mtu mmoja au wawili mnaweza kuripoti mkifika. Lakini kama ni kikundi cha shule, kwaya, chama cha kuweka na kukopa au familia kubwa, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Ikitangulia wiki mbili inatosha. Kama humjui mtu yeyote, ofisi ya Halmashauri ya Wilaya ya Masasi ndiyo mlango wa kuuliza. Wakatoliki wana njia ya pili: paroko wenu awasiliane na Jimbo la Tunduru-Masasi.

Barua isiwe ndefu. Mfano:

"Ndugu Mtendaji, sisi ni walimu watatu na wanafunzi 28 wa kidato cha tatu kutoka Mtwara mjini. Tunaomba kufika kijijini Lupaso siku ya Jumamosi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kuzuru kaburi la Hayati Rais Mkapa na kuzungumza na wazee wawili au watatu kuhusu historia ya kijiji. Tunaomba pia utufikishie salamu na ombi letu kwa familia. Tutakuja na chakula chetu na maji yetu. Tutashukuru kujua kama siku hiyo kuna msiba, mkutano au shughuli nyingine ili tubadilishe tarehe."

Maneno mawili humo yana kazi kubwa. La kwanza ni *familia*. Kaburi la rais ni la taifa, sawa, lakini pia ni la watu wenye jina hilo, na ruhusa yao ndiyo inayokupa amani ya kukaa pale bila kujihisi mvamizi. La pili ni *chakula chetu*. Ukikaa kimya kuhusu chakula, kijiji kitaona aibu kutokukupikia, na wanafunzi 28 si mzigo mdogo kwa mama yeyote.

Walimu mnajua wenyewe mambo ya kibali cha kutoka na wanafunzi, barua za wazazi na gari la kukodi lenye vibali vyake vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Sitayarudia.

3. Jua unamzuru nani

Nimeona vijana wanasimama kaburini wakidhani Mkapa ni jina la uwanja wa mpira. Uwanja ule wa Dar es Salaam ulipewa jina lake Julai 2020, wakati wa msiba. Kabla ya hapo tuliuita Uwanja wa Taifa. Kwa hiyo kaa nao nusu saa kabla ya safari.

Wape haya: mtoto wa Lupaso, akasomeshwa na wamisionari wa Kibenediktini, akapita Ndanda, seminari ya Kigonsera kule Ruvuma, kisha Pugu, shule ambayo Mwalimu Nyerere aliwahi kufundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Akamaliza Makerere mwaka 1962, shahada ya Kiingereza. Akawa mtu wa magazeti: alihariri The Nationalist na Uhuru, baadaye Daily News. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, na 1976 akaanzisha SHIHATA, shirika la habari la serikali. Halafu balozi, na waziri wa mambo ya nje kwa vipindi viwili. Kuanzia 1985 hadi 1995 alikuwa mbunge wa Nanyumbu, enzi hizo Nanyumbu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Masasi. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa rais chini ya vyama vingi, akawashinda Mrema, Lipumba na Cheyo. Akaondoka madarakani Desemba 2005.

Kaulimbiu yake ilikuwa Ukweli na Uwazi. Basi na wewe uwe mkweli ukimsimulia. Wakati wake TRA, mamlaka ya mapato, ilianza kazi, ada ya shule ya msingi ikafutwa, na kusini ikapata daraja la Rufiji. Wakati wake pia viwanda na mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa kwa namna ambayo watu wanailalamikia hadi leo, na Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba. Katika kumbukumbu zake alizotoa mwaka 2019 mwenyewe aliandika kwamba jambo hilo lilimsikitisha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyabeba yote mawili. Hata Lupaso utamkuta mzee atakayekwambia alilopenda na alilochukia, na hakuna atakayemfokea.

4. Njia

*Kutoka Dar es Salaam.* Ni lami: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Mto Rufiji. Hapo kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa 2003, muombe dereva apunguze mwendo. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa pantoni, na ikiharibika au mto ukijaa, kusini yote ilikuwa imefungwa. Wazee wa Lindi na Mtwara wanazo hadithi za kulala pale Ndundu siku kadhaa na gunia la samaki linaoza. Nikiulizwa ukumbusho wa Mkapa ni upi, mimi nataja daraja hilo kabla ya kitu kingine. Ukishavuka, endelea Nangurukuru, Lindi, hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo. Hapo barabara zinaachana: kushoto Mtwara, wewe unashika ya Masasi.

*Kutoka Lindi mjini.* Hivyohivyo, Mnazi Mmoja kisha Masasi. Ukiamka mapema unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

*Kutoka Mtwara.* Unazo njia mbili. Ya kawaida ni kupitia Mnazi Mmoja, lami mwanzo mwisho, na mabasi yapo. Ya pili ni ya juu, kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210 hivi. Barabara hiyo imejengwa lami kwa vipande, kwa hiyo uliza madereva wa wiki hiyo hali ikoje, usiulize wa mwaka jana. Ila ina zawadi yake: Newala, kwenye ukingo wa tambarare ya Makonde, kuna Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Mwenye gari imara na siku ya ziada aende kwa njia hii na arudi kwa ile nyingine.

*Kutoka Songea.* Namtumbo, Tunduru, Mangaka, Masasi. Siku hizi ni lami. Zamani ilikuwa adhabu.

Kwa wanaopita Mnazi Mmoja, mtavuka Mtama, kisha Nyangao. Hapo Nyangao, na Lukuledi kule mbele, misheni za Wabenediktini zilichomwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Mwaka uliofuata wakaanza upya mahali pengine, Ndanda. Shule ya misheni hiyo ndiyo iliyokuja kumpokea mtoto wa Lupaso.

5. Simama Ndanda

Usipite Ndanda kwa kasi. Iko kama kilomita 40 kabla ya Masasi, chini ya miteremko ya tambarare ya Makonde, na maji yanashuka kutoka juu mwaka mzima. Ndiyo maana maji ya chupa unayokunywa kusini mara nyingi yana jina hilo. Utaona abasia, yaani monasteri ya Wabenediktini, kanisa lake, hospitali ya Mtakatifu Benedikto, mashule, karakana. Mji mzima umeota kuzunguka misheni.

Ukitaka kuelewa namna mtoto wa kijijini wa miaka ya 1940 alivyofika Makerere, jibu liko hapa zaidi kuliko kaburini. Mkoloni hakujenga shule nyingi kusini. Misheni ndiyo iliyokuwa ngazi, na wengi walioshika madaraka kutoka huku walipandia hapo, Wakristo kwa Waislamu. Tembea kwa miguu saa moja. Ukitaka kuingia kanisani nje ya ibada au kuona maeneo ya abasia, ripoti mapokezi kwanza, umevaa kwa heshima. Hospitalini usipige picha, wagonjwa si kivutio.

Pale barabarani kuna mama lishe. Kula hapo, maana Lupaso huendi kutafuta hoteli.

6. Masasi mjini: lala, kisha tafuta usafiri

Masasi utaitambua kabla hujafika. Milima ya mawe matupu inachomoza pande zote, mikubwa, imekaa peke yake. Chini ya mmoja wao, Mtandi, ndipo lilipo kanisa kuu la Anglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi kwa miguu kutoka pwani na watu waliokombolewa utumwani Zanzibar, akawaacha hapo waanzishe makazi. Na kati ya 1960 na 1968 askofu wa hapa alikuwa Trevor Huddleston, yuleyule mpinzani mkubwa wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mji mdogo, lakini umepitiwa na watu.

Lala Masasi. Gesti zipo za kila mfuko, na ukilala hapa unafika Lupaso asubuhi ukiwa na akili zako. Jioni fanya mambo manne: toa pesa taslimu na uombe noti ndogo, jaza mafuta, chaji simu, na nunua maji na mikate ya kesho.

Kama huna gari, usafiri wa vijijini unaulizwa stendi na sokoni. Kuna gari za abiria zinazotoka vijijini asubuhi kuleta watu mjini na kurudi mchana, ratiba ambayo kwa mgeni ni kinyume kabisa: unataka kwenda wakati wao wanakuja. Kwa hiyo wengi hukodi bodaboda au Noah. Hapo ndipo pa kuwa makini. Usikubali bei kabla hamjaelewana juu ya kusubiri. Mazungumzo yawe hivi:

"Kaka habari za saa hizi? Nataka Lupaso, kwenda na kurudi."
"Sawa bosi, twende, tutaelewana hukohuko."
"Hapana, tuelewane hapahapa. Nitakaa kule saa tatu. Bei hiyo ni pamoja na kunisubiri?"
"Kusubiri ni nyingine."
"Basi niambie zote mbili kwa pamoja, na mafuta ni yako."

Ukishaipata bei yenyewe, muulize mwenye gesti kama ni ya haki. Lipa nusu kwenda, nusu mkirudi. Na chagua dereva mtu mzima kidogo, ikiwezekana mwenye ndugu upande huo wa wilaya. Atakuwa dereva, mwenyeji na mkalimani wako kwa wakati mmoja, maana bibi mwingine atafurahi zaidi kusalimiwa kwa Kimakua au Kiyao kuliko kwa Kiswahili chako cha mjini.

7. Ukifika, ofisi kwanza

Hata kama umeliona kaburi kwa mbali, pita kwanza ofisi ya kijiji. Simama mlangoni, piga hodi, vua kofia. Anza kwa salamu zote, usiruke: shikamoo kwa wakubwa, habari za nyumbani, habari za shamba. Ukimkuta katekista au paroko, "Tumsifu Yesu Kristo," naye ataitikia "Milele, amina," na hapo tayari mmefahamiana.

Utaletewa kitabu cha wageni. Ni daftari kubwa, mistari imechorwa kwa rula na kalamu ya bluu: tarehe, jina, unakotoka, sababu ya kuja, sahihi. Watu hujaza mbiombio, kwenye "sababu" wanaandika "matembezi". Andika vizuri: "Kuzuru kaburi la Hayati Mkapa na kuongea na wazee." Mtendaji anasoma hapo kabla ya kukupa mtu wa kukusindikiza, na akiona "wazee" atafikiria nani yupo nyumbani leo, nani ni mgonjwa, nani amekwenda shamba. Kwa kikundi, kila mmoja aandike jina lake. Mwalimu asiandike "na wenzake 28". Majina yao kubaki kwenye kitabu cha Lupaso ni sehemu ya safari.

Mkono mtupu haulambwi, lakini pia usifike unagawa noti. Kama mna zawadi, sukari, sabuni, daftari za shule, mkabidhi mtendaji au mwalimu mkuu mbele ya watu, iandikwe. Yule atakayekusindikiza mpe chake mwishoni, kimyakimya. Watoto watakufuata, ukimpa mmoja mia mbili, umeanzisha jambo ambalo mgeni wa kesho atalilipia.

8. Kaburini

Mwenyeji atangulie, ninyi mfuate. Kukiwa na mlinzi au mtu wa familia, salimia, jitambulishe upya hata kama ofisi imeshakutambulisha.

Kikundi kikubwa kigawanywe, kumi kumi. Wengine wangoje kivulini mbali kidogo, simu mfukoni. Kofia chini. Usikanyage, usikalie, usiegemee ukingo, wala kuweka chupa ya maji juu yake. Kuna mtu mzima nimemwona akiegemeza kiwiko huku anaongea na simu, na bibi mmoja aliyekuwa anafagia akamtazama hadi akaona haya mwenyewe. Mkapa alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo utasikia watu wakisali "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Mwislamu asome dua yake kwa utulivu, kusini tumezikana hivyo tangu zamani na hakuna anayeshangaa.

Picha: omba kwanza. Ukikubaliwa, piga za kaburi na za kikundi kimesimama wima. Selfi za kucheka na vidole viwili juu acha. Watu waliokuja wenyewe kusali usiwaingize kwenye picha yako. Droni usiirushe bila kibali; kwa kifaa hicho utajibu maswali mengi, na si kwa mtendaji wa kijiji tu.

Kwa walimu: hapo kaburini usihutubie. Hotuba ilishafanyika darasani. Waache dakika tano wakae na ukimya wao, kisha soma tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa. Miaka 81.

9. Wazee

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha safari, na ndiyo sababu ulimwambia dereva utakaa kule saa tatu.

Usiulize "Mkapa alikuwa mtu gani?" Utajibiwa "alikuwa mtu mzuri," na mazungumzo yameisha. Uliza kitu chenye miguu. "Babu, shule enzi zenu mlitembea umbali gani?" "Bibi, padri Mzungu mlimwogopa?" "Alipokuwa waziri, akija likizo alikuwa anakaa wapi, anakula nini?" "Siku ile ya mazishi, 2020, magari yalifika hadi wapi?" Hilo la mwisho huwafungua hata vijana. Rais Magufuli alikuwapo, taifa lilikuwa kwenye siku saba za maombolezo, na kijiji cha korosho kikajaa helikopta na askari. Kila aliyekuwepo ana kipande chake.

Swali jingine ninalolipenda ni la reli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuja na mpango wa karanga kule Nachingwea, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea bara, na baadaye tawi likafika Masasi. Karanga hazikustawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mtu wa umri wa Mkapa huku aliona treni ikija na akaiona ikiondoka, yote kabla hajafika miaka 25. Ukimpata mzee wa miaka themanini na kitu, muulize treni ililiaje.

Andika kwa mkono badala ya kumsogezea simu mdomoni. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa na umwambie utaifanyia nini. Mzee akichoka utamwona anaanza kujibu "ndiyo, ndiyo", shukuru, simama. Akikukaribisha uraka, pombe ya mabibo ya msimu, na wewe hutumii, sema tu "Mzee, mimi situmii, lakini nimeshiba kwa kukaribishwa." Usikunje uso. Na aliye na gari asionje: uraka ni mtamu kama juisi, miguu ndiyo inayokwambia baadaye.

10. Ukiwa na siku ya ziada: Mtambaswala

Kutoka Masasi unakwenda Mangaka, kisha unashuka hadi Mto Ruvuma. Hapo kuna Daraja la Umoja, mita 720, ng'ambo ni Msumbiji. Mkapa na rafiki yake Joaquim Chissano ndio waliolisukuma jambo hilo; Kikwete na Guebuza wakaja kulifungua tarehe 12 Mei 2010. Ndoto ya kuunganisha nchi hizi mbili kwa daraja ilikuwapo tangu siku za ukombozi, na ukiangalia upana wa mto unaelewa kwa nini ilichukua muda.

Hapa ni mpakani, na upande wa Cabo Delgado kumekuwa na machafuko tangu 2017. Kwa hiyo kabla ya kushuka, uliza polisi au ofisi ya wilaya Mangaka kama hali inaruhusu, beba kitambulisho cha taifa, na usipige picha ya daraja, askari wala ofisi za uhamiaji bila kuambiwa ndiyo. Wakisema leo hapana, geuza.

11. Kurudi, na habari ya korosho

Kila mgeni anataka kurudi na korosho. Msimu ukiwa umeanza, utaziona zimeanikwa kila uwanja, na kijana atakunong'oneza kwamba anayo debe mbili za korosho ghafi, bei poa. Kataa. Huo ni kangomba. Korosho ghafi huku zinauzwa kwa mnada kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na stakabadhi ghalani, yaani mkulima anazipeleka ghalani na kupewa stakabadhi, na mtu anayenunua kwa mkulima kichochoroni anavunja utaratibu, tena mara nyingi anamlalia mkulima mwenye shida ya ada au ya hospitali. Kwenye vizuizi vya barabarani magunia yanashushwa, na maelezo ya "nilikwenda kwa Mzee Mkapa" hayatakusaidia.

Nunua zilizobanguliwa, Masasi au Mtwara mjini, kwa wale akina mama wanaobangua na kukaanga nyumbani au kwenye maduka, na uombe risiti dukani. Chagua nzima, nyeupe, zisizo na harufu ya mafuta ya zamani. Vunja moja mbele ya muuzaji, ikipinda bila kulia, imeshavuta unyevu, usichukue. Mabasi ya kwenda Dar yanaondoka Masasi alfajiri, kwa hiyo korosho zinunuliwe jioni iliyotangulia, na tiketi pia.